Betri ya karavani hufia nyumbani: namna ya kuitunza na kuichaji kati ya safari na safari

Ukirudi Jumapili jioni kutoka ziwani Mwadingusha, betri ndiyo kitu cha mwisho kukumbukwa. Kuna samaki wa kutoa kwenye friji, kuna matandiko yaliyojaa vumbi jekundu, na watoto wana shule kesho. Unaegesha karavani kando ya ukuta wa parseli (kiwanja chako), unamwambia zamu, yaani mlinzi, afunge geti, unaingia ndani kula bukari (ugali). Wiki sita baadaye unafungua mlango, unabonyeza swichi, na taa inawaka njano kama kibatari.

Yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo. Tulirudi baada ya Pasaka, nikaigusa tena tarehe 30 Juni, nikitaka kutumia sikukuu ya uhuru kwenda ziwani. Kipimo kilionyesha volti 10.4. Niliipeleka kwa fundi pale Kampemba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, akaichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma 12.7. Nikafurahi. Jioni yake taa tatu zilizimika baada ya dakika arobaini. Niliporudi kwake alicheka kidogo, akasema: "Papa, humu ndani ni mawe sasa."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Betri ya risasi na asidi inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na chumvi ya risasi, salfeti. Ukiichaji upesi, chumvi hiyo ni laini na inarudi kuwa asidi na risasi. Ukiiacha wiki kadhaa, inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena. Bamba lililogandiwa halifanyi kazi, hata kama kipimo kinasoma volti nzuri. Ndiyo maana nasema karavani haiui betri porini. Betri hufia nyumbani, imeegeshwa.

Jua kwanza una betri ya aina gani

Sokoni Lubumbashi utauziwa chochote chenye nguzo mbili. Betri ya kuwashia gari ina bamba nyembamba nyingi: inatoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha alteneta, mtambo wa umeme unaozungushwa na injini, inaijaza. Ukiitumia kwa taa na friji usiku mzima, haifiki mbali. Unachotaka ni ile watu wanaiita betri ya solar, yenye bamba nene, inayovumilia kushuka na kupanda.

Kati ya hizo, kuna za maji zenye vifuniko sita vya kufungua, kuna AGM zilizofungwa kabisa, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, kuna za jeli, na siku hizi kuna za lithiamu. Soma ubavuni mwa betri yako kabla ya kununua chaja, kwa sababu kila aina ina volti yake. Za lithiamu nitazisema peke yake, maana karibu kila sheria ya betri ya risasi kwao inageuka.

Nunua pia multimita, kipimo cha volti na ampea. Hata ile ya bei ndogo inatosha. Bila multimita unatunza betri kwa kubahatisha.

Siku ile ile ya kurudi

Chomeka chaja kabla hujalala. Kama hakuna umeme, iwe kesho yake, na ikishindikana kabisa, ndani ya siku mbili tatu. Hata betri iliyobaki na nusu ni betri yenye njaa.

Ukitaka kujua imebaki na kiasi gani, zima kila kitu, iache ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya kuikokota karavani kutoka Likasi, alteneta ya gari imeipandisha volti ya juu juu na utadanganyika. Betri ya maji iliyopumzika inasoma hivi: 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 iko robo tatu, 12.2 nusu; 12.0 robo, ikifika 11.9 au chini yake ihesabu tupu. AGM husoma juu kidogo, 12.8 au zaidi ikiwa imejaa.

Mpaka wangu ni 12.2. Nikiwa ziwani na kipimo kikafika hapo, redio inazimwa, hata kama shemeji ananuna.

Wanaokunywa kimyakimya

Watu wengi wanadhani wakizima taa basi betri imelala. Hailali. Zunguka ndani ya karavani ukahesabu: king'ora cha gesi kilicho karibu na jiko, redio inayohifadhi saa na stesheni, inverta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) iliyoachwa na kitaa chake cha kijani, kifaa cha kufuatilia karavani ikiibwa, tundu la USB linalowaka buluu usiku kucha.

Piga hesabu. Vyote pamoja vikila miliampea 60, hiyo ni karibu Ah 1.4 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa siku. Siku thelathini ni Ah 43. Betri ya Ah 100 iliyojaa inakuwa imeshuka karibu nusu, na hakuna aliyelala humo hata usiku mmoja. Linganisha na betri ya maji yenyewe, ambayo ikiwa nzuri hujipotezea kama Ah 5 kwa mwezi, zaidi kidogo kwenye joto la Oktoba. Mwizi si betri.

Kupima wizi huo ni rahisi. Weka multimita kwenye ampea, waya wake ukiwa kwenye tundu la ampea 10, toa waya hasi kwenye nguzo ya betri, kisha unganisha multimita katikati ya nguzo na ule waya. Usiwashe friji wala pampu wakati huo, utaunguza fyuzi ya kipimo. Namba unayoiona ndiyo inayoliwa usiku na mchana.

Dawa yake ni swichi kuu ya kukata, ile ya kuzungusha kwa mkono, ifungwe kwenye waya hasi karibu na betri. Kama huna, toa waya hasi wenyewe. Siku zote hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho, kwa sababu spana ikigusa chuma cha karavani wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, cheche zake si mchezo. Vua pete na saa. King'ora cha gesi kitazimika pia, kwa hiyo funga mtungi wa gesi kabla.

Kuchaji, na habari ya delestaji (mgawo wa umeme)

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza inasukuma ampea zake zote hadi betri ifike kama asilimia 80. Kisha inashikilia volti juu, 14.4 hadi 14.8 kwa betri ya maji, 14.4 hadi 14.7 kwa AGM, na kama 14.1 kwa jeli, huku ampea zikishuka zenyewe. Mwisho inateremka hadi kama 13.5 na kukaa hapo, ikirudisha kile kidogo kinachopotea. Kwa betri ya Ah 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 inatosha. Ndogo zaidi inachelewa mno, kubwa zaidi inaichemsha.

Hatua ya pili ndiyo watu huikatisha. Ukiwa umetumia Ah 50, chaja ya ampea 10 itarudisha sehemu kubwa ndani ya saa nne hivi, kitaa kitabadilika rangi, na utaona kama kazi imekwisha. Asilimia 20 ya mwisho inataka saa nne nyingine au zaidi, na humo ndimo mawe ya fundi huzaliwa. Betri inayoishia 80 kila mara inaganda polepole, safari baada ya safari. Imejaa kweli pale inapokuwa kwenye volti ya juu na bado inapokea ampea 1 au 2 tu.

Sasa, hapa kwetu umeme unakuja na kuondoka. Unaweza kuishi kilomita chache kutoka nguzo za njia kuu iliyotoka bwawa la umeme la Inga na bado ukala gizani. Hilo lina madhara mawili kwa betri.

La kwanza nilijifunza kwa aibu. Nilichomeka chaja siku ya Ijumaa, nikaenda zangu, nikarudi Jumatatu nikijua betri imejaa. Ilisoma 12.1. Umeme ulikatika usiku wa Ijumaa, uliporudi chaja ilikaa kimya ikisubiri mtu abonyeze kitufe cha kuchagua aina ya betri. Chaja nyingi za kisasa ziko hivyo. Kwa hiyo ifanyie jaribio siku ya kwanza: ichomoe ukutani ikiwa inachaji, irudishe, uone kama inaanza yenyewe. Kama haianzi, mwonyeshe zamu kitufe, au tafuta chaja nyingine.

La pili ni ule umeme unaorudi kwa kishindo. Tumia stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, na ukiona taa za nyumba zinacheza cheza, chomoa kwanza.

Kuna pia zile chaja za chuma za mafundi, nzito, zenye transfoma na mshale. Hazina akili ya kusimama. Zinafaa kwa kuamsha betri mchana ukiwa karibu, lakini usilale nazo. Pima nguzo kila saa. Zikipita volti 15, au betri ikiwa moto mkononi, au ikinuka mayai yaliyooza, zima chaja ukutani kwanza, ndipo uondoe vibano.

Na jenereta? Itumie kwa kile inachokiweza. Iwashe saa mbili tatu asubuhi, wakati betri ina njaa na inapokea ampea zote. Baada ya hapo betri inakunywa kidogo kidogo, nawe unachoma petroli kwa ampea tatu. Sehemu hiyo liachie jua.

Kuchaji kwa gari lililosimama linanguruma ni kupoteza mafuta. Waya mrefu mwembamba kutoka boneti hadi remoki unapoteza volti njiani, na kinachofika ni cha kuwashia taa za nyuma. Kama unataka kweli kuchaji ukiwa barabarani, weka waya mnene wenye fyuzi kila mwisho, na kifaa cha kupandisha volti upande wa karavani.

Usichaji betri ndani ya chumba kilichofungwa, na usichaji karibu na mbabula la makaa. Betri ya risasi inapokaribia kujaa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua. Fungua mlango wa sanduku la betri na dirisha.

Maji ya betri si asidi

Kama yako ina vifuniko, fungua mara moja kwa mwezi. Maji yafunike bamba na kufika karibu na chini ya shingo ya tundu, yasijae hadi mdomoni. Yakipungua, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kwenye chupa. Si ya bomba, si ya kisima, kwa sababu ya chumvi na chokaa yake. Ongeza baada ya kuchaji, kwa kuwa kiowevu hupanda betri ikijaa na kitamwagika. Ila ukikuta bamba ziko wazi, zifunike kidogo kwanza, ndipo uchaji.

Na sikiliza hili: ukiomba "maji ya betri" dukani, unaweza kupewa asidi. Fungua macho, soma chupa. Maji hukauka, asidi haikauki. Ukiongeza asidi kila mwezi unaikaza hadi inakula bamba. Niliona mtu akifanya hivyo Katuba, akijisifu kwamba betri yake "ina nguvu" siku hizi. Ilikuwa na nguvu hadi mvua za kwanza.

Hidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani, inapima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, na inakuambia ukweli ambao volti huficha. Kila tundu lisome karibu 1.265 betri ikiwa imejaa, 1.190 ni nusu. Matano yakisoma 1.260 na moja likabaki 1.150 hata baada ya kuchaji kikamilifu, tundu hilo limekufa na litayaburuza mengine.

Vaa miwani na glavu. Asidi ikirukia jicho, osha kwa maji mengi ya kutiririka robo saa nzima, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Nguzo zenye ukungu mweupe au wa kijani zisugue kwa bikaboneti iliyokorogwa na maji, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara ili hata tone lisiingie ndani. Suuza, kausha, kaza, paka vaselini. Kuhusu kuiweka juu ya saruji, ile hofu ya wazee ilikuwa ya betri za zamani zenye masanduku ya mbao na mpira. Ya plastiki haijali.

Paneli: ielekee kaskazini

Kwa parseli yenye delestaji, hakuna mtunza betri mzuri kama paneli ndogo. Ya wati 50 inatoa kama ampea 2.5 jua likiwa kali, yaani Ah 10 au 12 siku ya kiangazi. Hiyo inawashinda wezi wote niliowahesabu hapo juu na bado inamalizia ile asilimia 20.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 12. Paneli ielekee kaskazini, iinuliwe kidogo, nyuzi 12 hadi 15. Ukiilaza kabisa vumbi litalala juu yake. Kuanzia Juni hadi mvua zianze, vumbi la barabara na moshi wa misitu inayochomwa huiweka paneli utando wa kahawia. Ifute kwa kitambaa chenye maji kila wiki, asubuhi kabla haijapata moto.

Kati ya paneli na betri weka kidhibiti cha chaji, na ukipange kwa aina ya betri yako. Unganisha betri kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye; kutoa, kinyume chake. Kama umefunga ile swichi kuu, waya za kidhibiti ziende moja kwa moja kwenye nguzo za betri, na fyuzi yake, la sivyo ukikata swichi umekata na jua. Ikiwa kidhibiti kina kipima joto cha kubandika kwenye betri, kibandike: usiku wa Juni hapa hushuka chini ya nyuzi 10, na betri baridi inataka volti ya juu kidogo kuliko ile ya Oktoba iliyo ndani ya sanduku la chuma juani.

Miezi ya mvua

Wengi wetu tunafunga karavani Novemba na kuifungua Aprili au Mei, barabara za mbuga ya Kundelungu zikikauka. Hiyo ni miezi mitano au sita ya kukaa, na mawingu ya Januari yanapunguza paneli sana.

Mimi hufanya hivi. Wiki ya kwanza ya Novemba naijaza kabisa, naosha nguzo, naweka maji, nakata swichi kuu. Paneli inabaki. Kila tarehe mosi napima, naandika namba kwa kalamu ya makapeni ndani ya kifuniko cha sanduku. Ikisoma chini ya 12.5, inapata siku nzima kwenye chaja. Asiye na paneli na aichaji kila mwezi bila kungoja kipimo. Kama zamu anabadilika badilika na unaogopa wizi, itoe uiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, mbali na watoto.

Lithiamu

Lithiamu za karavani nyingi ni za fosfati ya chuma. Hazina kobalti hata chembe, jambo linalochekesha kidogo ukikaa njia ya Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti, na kuona malori. Ikae nusu, si imejaa: asilimia 40 hadi 60, mwezi hadi mwezi, swichi ikiwa imekatwa. Usiiache miezi kwenye chaja. Kuisoma kwa volti ni kazi bure, kwa sababu karibu safari nzima ya matumizi inakaa kati ya 13.0 na 13.3, nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Ikisoma sifuri ghafla, huenda kadi ya ulinzi ndani yake imejifunga kwa kushuka sana. Chaja yenye modi ya lithiamu mara nyingi huiamsha. Usiitumie chaja yenye hatua ya kuvunja salfeti. Volti yake inapanda mno, na humo hakuna salfeti ya kuvunjwa.

Wiki moja kabla ya safari

Usiamini 12.7. Nami niliiamini. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, iunganishe na betri ya Ah 100 iliyojaa na kupumzika, anza saa moja asubuhi. Inakula karibu ampea 4.6. Pima kila saa moja, balbu ikiwa inawaka. Zikipita saa kumi, zima balbu, iache betri ipumzike usiku, pima asubuhi. Betri yenye afya itasoma karibu 12.2 au zaidi. Ikishuka hadi 11.5 kabla ya muda wa saa tano kwisha, zima hapo hapo: imebaki na chini ya nusu ya ukubwa wake. Bado itawasha taa za usiku mmoja, lakini friji usahau.

Vyovyote vile, ukishapima irudishe kwenye chaja hadi ijae. Na ile iliyokufa usimruhusu mtu aivunje uani ili ayeyushe risasi. Vumbi lake linabaki kwenye udongo ambao watoto wanachezea. Ibebe nzima hadi kwa muuzaji, wengi wanakupunguzia bei ya mpya.